Mchezo wa Viazi

Pale Mabawe mume wangu Novatus alikuwa mwanamume pekee aliyejua kuchokoa viazi kama mwanamke. Watu walimcheka kwa hilo miaka yote, mpaka jeshi lilipomsifu, ndipo wakanyamaza. Mimi ningefurahi kama wangeendelea kumcheka.

Nieleze kwanza kuchokoa, maana kuna watu waliokulia mahali ambapo viazi hung'olewa shamba zima siku moja na kujazwa kwenye magunia. Kwetu Ngara si hivyo. Kiazi kitamu hukaa ardhini na tuta ndilo ghala. Unakwenda asubuhi na kijiti kilichochongwa ncha, unatafuta ufa, kwa sababu kiazi kikinenepa hupasua udongo. Unachomeka kijiti kwa ubavu, polepole, ili ncha iguse kiazi bila kukitoboa. Mkono unajua wenyewe lipi ni jiwe na kipi ni kiazi. Unafukua kwa vidole, unakitoa kikubwa, unaviacha vidogo viendelee kukua, kisha unafukia na kupapasa juu. Kufukia ndiyo kazi yenyewe. Ukiacha shimo wazi, fukusi wanaingia, panya wanaingia, na vilivyobaki chini vinaoza kabla ya mvua. Kwetu mwanamke mvivu anajulikana kwa mashimo yake, na akisemwa hana wa kumtetea.

Novatus alifundishwa kazi hiyo na Mama Domisiana, ambaye hakumzaa. Wazazi wake walifariki akiwa bado mdogo, na Domisiana alikuwa jirani, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume aitwaye Kazimili. Binti hakuwa naye. Basi aliwachukua wavulana wawili, wa tumbo lake na wa jirani, akawachongea vijiti. Wanawake wenzake walimwambia anawaharibu watoto wa kiume. Akawajibu kwamba tumbo halina habari nani kachokoa.

Alikuwa mkali. Akikuta shimo wazi alimwita mwenye shimo, akamshika mkono, akamchapa vidole kwa kijiti kilekile. "Shimo la wazi ni la mtu asiye na kwao," alikuwa akisema. Kazimili alichapwa mpaka vidole vikazoea. Alichokoa mbiombio, akaliacha tuta kama limepitiwa na nguruwe, kisha akakimbilia mpira wa majani ya migomba. Novatus alifukia mashimo yake, halafu akarudi kufukia ya Kazimili ili mwenzake asichapwe. Samaki mkunje angali mbichi, na yule alikunjika barabara. Nilipoolewa naye, siku ya kwanza alipoleta kikapu cha viazi nilikwenda kuangalia alipovitoa. Nilizunguka matuta yote nisione mahali palipoguswa. Niliona aibu, mimi binti wa watu niliyefundishwa na mama, shangazi na bibi.

Mwaka 1974 tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari mmoja kando ya barabara. Wengi walilia kuacha migomba yao, nami nililia, lakini tulipata bahati moja: nyumba yetu na ya Mama Domisiana zilipakana, na matuta yake yakawa nyuma ya jiko langu. Magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba. Kazimili alikuwa bado hajaoa, kila mwaka ana mchumba mpya. Kwa hiyo aliyechokoa viazi vya yule mama alikuwa Novatus, kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba la kijiji. Tuliishi hivyo, na sikujua kwamba hayo ndiyo yalikuwa maisha mazuri.

Vita ilipofika, mwishoni mwa 1978, mwenyekiti alipiga kengele akasema mgambo wanatakiwa. Novatus na Kazimili walikwenda pamoja. Lori lilisimama barabarani, watu wakiimba, na Mama Domisiana akaja akijikokota kwa magoti yake mpaka kwenye bodi. Hakumwambia kitu mwanawe. Alimshika Novatus mkono.

"Huyu tangu utoto haangalii anapokanyaga," alisema. "Wewe tangulia. Yeye afuate nyuma yako. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nirudishie."

Kazimili alicheka kule juu ya lori. "Mama, unaniagiza kama chumvi?"

Watu wote walicheka, na mimi pia.

Yanayofuata sikuyaona. Niliyapata kwa Gozbert, mtu wa hapa hapa kijijini, aliyekuwa nao tangu mwanzo. Gozbert ni mtu wa maneno mengi na kwa kawaida ukimsikiliza lazima ugawe kwa mbili, lakini haya aliyasema akiwa hajanywa, akiangalia chini, na mume wangu baadaye hakuyakana.

Kambi yao ya mafunzo ilikuwa Biharamulo. Habari zilikuwa zimefika kwamba adui akirudi nyuma anatega mabomu ardhini, kwenye njia za kwenda visimani na kwenye mashamba. Mitambo ya kuyatafuta ilikuwa michache, na mgambo hawakuwa na tumaini la kupewa. Afande aliyewafundisha alikuwa mtu wa kubuni. Alikwenda jikoni akachukua viazi vitamu, akavifukia uwanjani, akagawa uwanja kwa kamba, akampa kila mtu spoki ya baiskeli. Akawaambia ni mchezo. Unapiga goti, unachomeka spoki kwa ubavu, unatafuta. Ukikigusa kiazi bila kukitoboa, umeshinda. Ukikitoboa, umekufa, na aliyekufa analala palepale chali mpaka mchezo uishe.

Gozbert anasema walicheka siku zile kuliko siku zote za maisha yao. Uwanja mzima ulijaa maiti zinazopiga soga. Kazimili alikufa kila siku, mara nyingi wa kwanza, akalala na kofia usoni akikoroma kweli. Novatus hakufa hata mara moja. Spoki kwake ilikuwa kijiti cha Mama Domisiana kilichokonda tu. Mshindi alipewa viazi vichemshwe avile, naye akavila pamoja na Kazimili, hata afande akasema hajawahi kuona maiti inayokula kuliko walio hai.

Kulikuwa na sharti moja zaidi. Uwanja ulikuwa mdogo na watu wengi, kwa hiyo ukimaliza zamu yako ulipaswa kufukia yote uliyochimbua na kusawazisha, mwenzako akute uwanja mpya. "Nikipita nisijue ulichimba wapi," afande alisema. Kwa Kazimili alijua, tena bila kuinama. Kwa Novatus alisimama kitambo, akatikisa kichwa, akawaita wengine waje kuangalia. "Kazi safi ni hii," akasema. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana uwanja ulimhitaji mtu kama Novatus. Simlaumu. Nimejaribu sana kumlaumu na imenishinda.

Kutoka hapo Novatus alichaguliwa kuwa wa mbele. Aliomba Kazimili awe wa pili, nyuma yake, kama alivyoagizwa. Afande akakubali, Gozbert akawekwa wa tatu.

Walipovuka Kyaka sharti lilibadilika, nao waliambiwa wazi. Wa mbele akishahakikisha mahali ni salama, achimbue hapo kashimo ka kuingia mguu, akaache wazi. Anayemfuata akanyage ndani ya kashimo hako, si penginepo. Njia salama ingekuwa mstari wa mashimo. Novatus aliitikia. Asubuhi yote alifanya hivyo. Alipata bomu moja, wanajeshi wakaja wakalilipua, wakampiga piga mgongoni. Gozbert anasema yeye mwenyewe alikuwa akitembea kwenye mashimo yale huku akisali rozari, na kila shimo lilikuwa mahali pake panapostahili.

Mchana waliagizwa kufungua njia ya kwenda kisimani. Njia ilipita kwenye shamba la watu waliokimbia, na shamba lilikuwa la viazi vitamu. Matuta yalikuwa yamepasuka kwa sababu hakuna aliyechokoa kwa muda mrefu. Novatus akapiga goti, akachomeka spoki, na ncha ikagusa kiazi, kiazi cha kweli. Akafukua kuangalia. Kilikuwa kiazi tu.

Akafukia.

Gozbert aliona, lakini alidhani ni shimo hilo moja. Halikuwa hilo moja. Mkono ulikuwa umefika nyumbani, ukafanya kazi ya nyumbani: gusa, fukua, fukia, papasa, songa mbele. Kazimili nyuma yake akaanza kubaki. Alikuwa amesimama kwenye shimo la mwisho lililo wazi na mbele yake ardhi ilikuwa laini kama haijapitiwa na mtu.

"Nova," aliita, "umepita wapi?"

"Nifuate," Novatus alisema bila kugeuka, maana masikio yake yalikuwa yamo mkononi.

Kazimili akatafuta kwa macho shimo lililo wazi. Akaliona moja, pembeni kidogo. Huenda ni la mwenye shamba, mwanamke aliyekuwa akichokoa siku milio ya mizinga iliposikika, akakimbia bila kufukia. Kazimili akanyoosha mguu akakanyaga humo, kwa utii, yeye ambaye hakuwahi kumtii mtu. Bomu lilikuwa humo.

Gozbert alibaki amesimama nyuma, mguu mmoja juu, hana pa kuuweka. Novatus akarudi. Alimtazama Kazimili, akamfunika uso kwa kofia. Kisha akapiga goti akaanza kufukua mashimo yake aliyoyafukia, moja moja, akayapata yote bila kukosea, mpaka akamfikia Gozbert. Halafu akageuka akaendelea na njia mpaka kisimani, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa, na watu wakapata maji. Gozbert anasema hakulia. Anasema tangu saa ile ilikuwa kama kutembea na mtu aliyeazimwa.

Habari ya kifo ilitangulia kufika. Mwenyekiti na katekista walikwenda kwa Mama Domisiana, na padri akaja akasoma misa. Mwili haukuja. Mama Domisiana alikaa mkekani siku zote za matanga bila kusema neno baya juu ya mtu yeyote. Mume wangu aliendelea na wenzake hadi ng'ambo ya mpaka, akarudi mwaka uliofuata wakati wa kiangazi.

Alipofika alipita kwanza kwa Mama Domisiana. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama muda mrefu. "Alikuwa nyuma yako?"

"Alikuwa nyuma yangu."

"Basi ni Mungu," alisema Mama Domisiana, na hakuuliza tena. Lile jibu ndilo alilolilalia na kuamkia.

Huku kwetu nilipokea mtu nisiyemjua. Hakuwa mkali, hakulewa, hakunipiga. Ningejua la kufanya na mlevi. Huyu aliambiwa kula akala, akaambiwa kulala akalala. Nilimwekea mikononi mtoto wetu Deodata, aliyezaliwa yeye akiwa vitani, nikamwambia, "Huyu ni wako." Akasema, "Sawa." Nilitaka kumrushia kibuyu. Alimshika mtoto vizuri tu, kichwa amekikinga, kama anavyoshika kitu alichoagizwa. Watu walikuja kumsalimu shujaa wao, wakakaa, wakamaliza maneno, wakaondoka.

Asubuhi yake alichukua kijiti akaenda kumchokolea Mama Domisiana viazi. Nilishukuru Mungu, nikasema sasa amerudi. Nilipotoka kumwaga maji nikaona matuta. Kila alipotoa kiazi palikuwa na shimo wazi, kutoka tuta la kwanza hadi alipoishia, mstari mmoja ulionyooka.

Nilidhani amesahau. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Mama Domisiana alitoka na fimbo yake akamwonyesha.

"Novatus, shimo."

"Ndiyo, mama." Akaliangalia, akaliacha.

Niliona ni jambo dogo, nikapita nyuma yake nikafukia mwenyewe. Jioni alirudi akafukua yote, taratibu, bila hasira. Nilimuuliza ana wazimu gani. "Watu wanapita hapa," alinijibu. Hakuna aliyepita hapo isipokuwa mimi na mama yule na kuku.

Ndipo nikamfuata Gozbert, nikamwambia sitoki kwake mpaka aniambie kilichotokea, akaniambia hayo niliyoyasimulia. Nilirudi nyumbani. Nilimkuta mume wangu amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Baba Deodata, kwa nini humwambii? Ilikuwa ajali. Yule ni mama yako, atalia, atakusamehe."

Aligeuka akatazama matuta ya yule mama.

"Nikimwambia nilifukia," alisema, "ataniuliza nani alinifundisha."

Sikuwa nimefika huko kwa mawazo yangu. Husemwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu alifunzwa na wote wawili, akafaulu kote. Na Kazimili aliyefeli kote, mwenye mashimo ya aibu, angetangulia yeye, wote wangerudi. Hilo nalo Mama Domisiana angelifikia peke yake akishaanza kufikiri, maana si mjinga. Angevikumbuka vile vidole alivyovichapa.

Basi tukanyamaza sote watatu, mimi, Novatus na Gozbert, na kunyamaza kwa Gozbert ni muujiza wa kuandikiwa Roma. Kiangazi kile kikapita, mvua zikaja, tukapanda, na kiangazi kingine kikaingia. Novatus hakubadilika. Kwangu alifukua mashimo nami nikavumilia, nikawa nachokoa mwenyewe kabla hajaamka. Lakini matuta ya Mama Domisiana hakukubali kumwachia mtu. Panya walinenepa. Viazi vyake vilitoka vimetobolewa na fukusi, vichungu hata mbuzi anavitema. Chakula chake cha kiangazi kilikuwa hicho tu. Nilimpelekea chungu cha viazi kutoka kwangu akakipokea, lakini uso wake ulinielewesha kwamba anajiona ombaomba.

Na watu hawana dogo. Walisema vita imempa Novatus kichwa, kwamba anamdharau mama aliyemlea, kwamba anamwachia mashimo kumkumbusha kaburi. Maneno yakamfikia mama yule. Mimi nilimwona akikauka. Kufiwa alikuwa amekuweza, lakini kudharauliwa na yule aliyebaki kulimshinda. Siku moja aliniita.

"Koleta, nakwenda Nyabusozi kwa kaka yangu."

"Mama, yule mke wa kaka yako?" Kila mtu alijua ulimi wa mwanamke yule. Mama Domisiana alikuwa amekaa huko zamani wiki mbili akarudi amekonda, akaapa hata maiti yake isipite kule.

"Afadhali anayenitukana kwa mdomo," alisema. "Hapa natukanwa kwa ardhi yangu, na mtoto niliyempa kijiti mimi."

Alifunga vitu vyake kwenye kanga. Lori la kwenda Biharamulo, upande wa Nyabusozi, lingepita mchana. Asubuhi ile alimwomba Novatus amchokolee viazi vya njiani, mara ya mwisho, akasimama na fimbo yake kando ya shamba kumwangalia. Nami nilitoka, mtoto mgongoni. Novatus alipiga goti, akachomeka, akafukua, akatoa, akasogea. Shimo. Akachomeka tena. Shimo. Mama Domisiana alikuwa akiyatazama jinsi mtu anavyotazama mtu akimtemea mate mlangoni.

Nilishindwa. Nina hasira mimi, tangu kwetu najulikana. "Sema!" nilimpigia kelele mume wangu mbele ya mama yake wa kulea, jambo lisilofanywa. "Sema, au fukia! Kimoja! Anaondoka, humwoni? Atakufa kule akiamini unamchukia!"

Novatus alisimama. Udongo ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye vidole vyake.

"Mama," alisema, "kule, mimi nilikuwa mbele. Waliagiza mashimo yaachwe wazi, wa nyuma akanyage humo. Kazimili alikuwa anatafuta mashimo yangu. Nilikuwa nimeyafukia."

Mama Domisiana aliegemea fimbo yake.

"Lilikuwa shamba la viazi. Sikukusudia. Mkono ulifukia."

Nilimwona akielewa. Ilikuwa polepole, na hapakuwa na njia ya kuizuia. Aliyatazama mashimo yaliyokuwa mbele yake, yale yote ya mwaka mzima aliyodhani ni matusi. Kisha akautazama mkono wake ulioshika fimbo, na nikatamani ardhi imfunike mtu fulani, mimi au yeye, haraka.

"Nilimchapa yeye," alisema. "Wewe sikukuchapa. Ulikuwa unafukia vizuri."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo maana hukusema."

"Ndiyo, mama."

Alijishusha kwenye ukingo wa tuta, akakaa, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti. Alikaa hivyo mpaka tukasikia lori likija kwa mbali, likapiga honi kijijini, likapita. Kanga yake yenye vitu ilikuwa mlangoni. Hakuigeukia. Mtoto wangu alianza kulia nikamtikisa anyamaze. Nilifikiri mama huyu sasa atakufa hapa hapa alipoketi, na aliyemuua ni mdomo wangu.

Mwishowe aliinuka kwa fimbo.

"Fukia," alisema.

"Siwezi, mama."

"Mwanangu amekufa. Mimi bado nakula. Panya watanimalizia viazi. Fukia, Novatus."

Alipiga goti. Alianza na lile la karibu. Aliusukuma udongo kwa viganja, akausawazisha, akapapasa juu, akarudia kupapasa mara nyingi zaidi ya inavyohitajika. Akaenda kwenye la pili. Mama Domisiana alimsimamia mpaka tuta lote likafunikwa, sawasawa, kazi safi ile ile ya zamani, usingejua mtu alipita wapi. Kisha akachukua kikapu chake cha viazi, akageukia nyumbani, na badala ya kuzunguka kwa njia ya pembeni akapita katikati, juu ya udongo uliofukiwa.

"Mama!" Novatus alipiga ukelele. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu mzima. "Mama, usikanyage hapo! Simama!"

Mama Domisiana alisimama. Aligeuka akamtazama, yule mwanamume mkubwa aliyepiga magoti shambani mwake, uso umelowa machozi na kamasi.

"Ni viazi, mwanangu," alisema.

Akaendelea, fimbo na mguu, fimbo na mguu, juu ya tuta lote, bila kuangalia chini, mpaka akafika mlangoni kwake.